Sukari ya Paka Direkta

Lubumbashi, tarehe 14 Mei 1983

Yaya Floribert,

Nakusalimia sana, kaka yangu, wewe na bibi yako, shemeki Wivine. Huku kwetu tuko bazima, tunashukuru Mungu. Bwana yangu Faustin angali anafanya kazi ku usine ya shaba. Moshi inamukamata mu kifua, anakohoa mpaka majirani banagonga ukuta, lakini ukimuuliza anasema ni baridi tu. Mutoto wetu Julienne alizaa mutoto mwanaume ile siku ya Pasaka, tukamupa jina ya baba yetu, Kapya. Analia sawa vile baba alikuwaka analalamika bukari yake ya unga ikichelewa. Njo kusema tumerudishiwa muzee yetu, na makelele yake yote.

Sasa habari ya paka yako. Kwanza usishituke, iko hai.

Tangu ulihamishwa kwenda kufundisha kule Kilwa pembeni ya ziwa ukaniachia Direkta, nilikuwa namutunza vile ulisema: kiti yake karibu na dirisha, samaki yake, na hakuna mutoto wa kumuvuta mukia. Alikuwa na tumbo sawa direkta wa kweli wa masomo. Lakini mu mwezi wa tatu nikaona anakunywa maji sana. Anamaliza sahani, anaenda kunywa mu ndoo, anaenda kunywa maji ya kufulia nguo, na sabuni yake ndani. Na kukojoa, Yaya! Anakojoa fasi yote. Anakula sana na anakonda, ukipitisha mukono pa mugongo unakuta mifupa tu. Kisha akaanza kutembea vibaya. Muguu ya nyuma inalala chini yote, anatembea na kisigino sawa muntu mwenye kuvaa kandambili ya bwana mwingine.

Ile ilinifungua macho ni sisimizi. Alikojoa pembeni ya gunia ya makala ya kupikia, na kesho yake nikakuta sisimizi pale, kundi muzima, banakula. Nikajiuliza: hawa banatafuta nini mu mukojo ya paka? Halafu nikakumbuka vile masista balitufundishaka ku masomo ya infirmière, ya kutunza bagonjwa: mukojo ya kuita sisimizi iko na sukari ndani.

Nikamubeba mu kitunga mpaka kwa doktere Adalbert, ule Mubelgiji muzee anachunguza ng'ombe ku buchinjio. Alicheka kwanza. Alipomupima akaacha kucheka. Anasema ni ugonjwa wa sukari, ule ule wa bantu, na dawa yake ni ile ile ya bantu. Bahati, kulikuwa madame mumoja Mugriki, bwana yake alikufa na ugonjwa huu, na yeye wakati ya kurudia kwabo alimwachia doktere chupa za insulini na karatasi za kupimia damu. Tarehe yake imepita, ku dispanseri yetu balizikataa. Doktere akanipa mimi.

Sasa angalia vile tunafanya kila asubuhi. Nachovya kitambaa mu maji ya moto, nakamua, namufunika sikio mpaka ipate joto, juu damu ishuke. Faustin anamufunga mu koti yake ya kazi, kichwa tu inabakia inje. Nachoma pembeni ya sikio na sindano, pale mushipa inapita sawa uzi. Inatoka tone moja ndogo. Naigusisha ku karatasi, nangoja, napangusa na pamba, nangoja tena. Karatasi inageuka rangi, na rangi zote zimechorwa pa chupa yake. Ikiwa sawa maziwa, sukari iko kidogo. Ikiwa ya majani, imezidi. Na chini kabisa kuko rangi moja sawa sombe ya majani ya muhogo ile ulisahau ku moto. Direkta, siku ya kwanza: sombe ya kusahau ku moto. Na alimukwaruza Faustin uso yote. Ku usine balimuuliza kama ni bibi yake anamupiga, akasema ndiyo, kuliko kusema ni paka.

Usiwe na wasiwasi. Niko namushika vizuri.

Mudogo wako,
Edith


Kilwa, tarehe 3 Julai 1983

Mudogo wangu Edith,

Barua yako Kalenga shofere aliileta, inanuka samaki lakini inasomeka. Huyu Kalenga anapeleka samaki Lubumbashi, anarudia na unga, na barua za bantu anaweka mu mufuko moja na viatu vyake. Aksanti hata vile. Karibu kwa dunia, Kapya mudogo. Shemeki Faustin umuambie moshi haiko baridi.

Mimi na Wivine tuko bazima. Masomo inaenda, batoto banakuja na njaa, chaki hakuna, tunaandika na muhogo mukavu. Lakini niko na kasirani. Yomba Chomba, ndugu ya mama yetu, alikufa kule Kipushi, unajua. Na mimi nilijua ginsi gani? Mutoto wake aliniandikia mu barua: "Papa alikufa siku ya pili ya juma." Hivi hivi, pa mustari ya kwanza! Nilisoma nikisimama mu soko mbele ya bantu, nikaanguka pale sawa gunia. Tangu lini kwetu kifo inatumwa mu karatasi? Kifo inaletwa na muntu. Anafika, anakaa, anapewa maji, anakula, kisha anasema. Karatasi haina mukono ya kukukamata ukianguka. Wewe Edith usinifanyieko vile hata siku moja, hata kama ni juu ya kuku.

Kuhusu Direkta, nilisoma nikatikisa kichwa. Bantu banakosa hata kinini ya malaria, na wewe mama infirmière unamupiga paka sindano ya bazungu! Majirani banasema nini? Huku kwetu muntu akionekana anachoma paka sikio asubuhi na mapema, bakubwa ba kijiji banaitwa. Lakini hii paka alikuwa anatembea mu darasa yangu na batoto bote bananyamaza, kuliko vile bananyamaza mbele yangu mimi. Sikukatazi. Endelea.

Niko na maulizo, juu ya kujua tu. Hii kiu, inaanza mbele ao kukonda njo kunaanza? Muguu yake ya nyuma, anasikia maumivu ao hasikii kitu? Ukimufinya anavuta muguu? Macho yake je, anaona vizuri? Na sisimizi, banakuja kila siku, ao siku zingine hapana? Unijibu yote, usiruke hata moja. Mwalimu anapenda kufahamu.

Ni mimi yaya yako,
Floribert


Lubumbashi, tarehe 28 Agosti 1983

Yaya Floribert,

Salamu kwako na kwa shemeki Wivine, aksanti kwa chisense, zile samaki ndogo kavu. Tulikula, Direkta alikula, hata jirani alikula kwa kunusa. Faustin balimupa siku za kupumzika. Kapya mudogo anacheka, meno hana, sura ni ya baba kabisa.

Direkta anapona. Naandika hii na furaha, nisamehe kama barua inaruka-ruka. Sindano asubuhi, sindano magaribi, kidogo sana, ile doktere Adalbert alinionyesha ku mustari ya sirenge, bomba ya sindano. Rangi ya karatasi ilitoka ku sombe, ikakuja ku majani ya mahindi, na siku zingine inafika karibu ya maziwa. Karatasi nazikata katikati kwa wembe, moja inakuwa mbili. Damu yenyewe ni tone, inafaa karatasi kubwa ya nini? Na sasa yeye mwenyewe asubuhi anakuja, anakaa mbele ya koti ya Faustin, anatoa sikio. Juu baada ya kuchomwa anapewa samaki. Faustin anasema huyu anafaa kufanya kazi ya serikali.

Maulizo yako nazijibu. Kiu inaanza mbele. Muguu hasikii maumivu, njo ubaya yake: ukimufinya havuti. Mwezi wa tano alikanyaga makala ya moto akabakia anasimama. Lakini tangu sindano, ile muguu inaanza kusimama tena. Macho inaona. Sisimizi balikuwa banakuja kila siku, sasa banakosa.

Na mimi niko na ulizo moja. Kalenga alipoleta samaki nikamuuliza: yaya yangu iko ginsi gani? Akaangalia chini. Akasema: "Mwalimu amekonda, mama. Na anashuka mu baiskeli kila mara kwenda mu majani." Yaya, unakunywa maji sana? Mi ni infirmière, mi ni mudogo wako wa tumbo moja. Bakubwa balisema: mwenye kuficha ugonjwa, kifo itamutoboa siri. Uniambie.

Edith


Kilwa, tarehe 16 Oktoba 1983

Mama Edith,

Hapa kwetu hakuna ubaya. Wivine anakusalimia. Joto ni nyingi, tunangoja mvula.

Kalenga ni shofere, aangalie njia yake. Nimekonda juu ya joto, juu ya masomo, juu ya miaka. Nilikwenda mu majani juu nilikunywa munkoyo ya shemeki yako, nayo unaijua. Mi siko paka. Usiniulize tena hii ulizo, nitakasirika kweli.

Nilifurahi kusikia Direkta anapona. Nilifurahi sana, Edith, hata Wivine aliniuliza kama nimepata mushahara. Vile ulisema muguu ilianza kusimama tena, ile nilisoma mara mingi. Kumbe muguu ya kufa inaweza kurudia. Nakutumia gunia ndogo ya chisense, ni ya Direkta, Faustin asiiguse.

Ulizo langu ni moja tu. Zile chupa za madame Mugriki zikiisha, utafanya nini? Doktere iko na zingine? Mu muji mukubwa sawa Lubumbashi haikosekani fasi ya kupata. Huku kwetu kitu kama ile inaletwa na ndege ndogo ya misioni kutoka Luano, kiwanja ya ndege ya kwenu, na ndege yenyewe inakuja ikitaka. Naandika hii hivi hivi tu.

Uniandikie mbiyo habari ya Direkta. Barua ikichelewa silali vizuri.

Floribert


Lubumbashi, tarehe 22 Januari 1984

Yaya mupenzi Floribert, na shemeki Wivine,

Mwaka mupya muzuri! Mungu abapatie nguvu, kupatana, samaki na mvula ya kiasi. Huku mvula ni nyingi, mu mutaa ya Kamalondo barabara zimejaa maji, batoto banaoga mbele ya nyumba sawa bata. Julienne anakusalimia. Kapya mudogo anatembea akishika kiti, anaanguka, anasimama, hataki musaada. Padri alibatiza batoto wengi siku ya Noeli na mu kwaya Faustin aliimba mpaka akakohoa, bamama ba kanisa bakamupa maji. Nilipata kitambaa muzuri ya shemeki Wivine, nitaituma wakati Kalenga anapita. Bei ya unga ilipanda tena, lakini tunakula. Tunaomba, tunakula.

Direkta iko muzuri. Zile chupa ziliisha mbele ya Noeli, na doktere Adalbert alirudia Ulaya, hana zingine. Niliogopa. Lakini kazi ya Mungu! Anaishi bila sindano. Anakula samaki yako tu, na iko sawa. Muguu inasimama. Karatasi za kupima nazo ziliisha, kwa hiyo usiniulize tena rangi. Iko muzuri tu.

Usifikiri sana, Yaya. Kula vizuri, pumzika, wende kwa masista bakuangalie, hata kama hauko mugonjwa. Ile inatosha kwa leo, moto inazimika ku mbabula ya makala.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Edith


Kilwa, tarehe 19 Februari 1984

Mudogo wangu, mama yangu mudogo, Edith!

Nakuandikia na kicheko mu kinywa. Barua yako nilimusomea Wivine, nikamusomea Sista wa dispanseri, nikaisoma peke yangu ku mwangaza ya dirisha. Bila sindano! Na samaki tu! Direkta, weee, mwanaume!

Sasa naweza kukuambia, juu hakuna tena sababu ya kukuogopesha. Kalenga hakusema uongo. Niko na ugonjwa wa sukari. Ni wewe ulinifundisha. Nilipopata barua yako ya kwanza, ile ya sisimizi, nilikwenda nyuma ya nyumba kuangalia fasi nakojoaka magaribi. Sisimizi balikuwa pale, Edith. Nilisimama sawa muntu ameitwa jina na muntu hamujui. Zile maulizo zote nilikuuliza za paka zilikuwa zangu.

Mu mwezi wa nane masista balianza kunipiga sindano. Sikusema juu ungebeba mutwaro yako na kukuja huku, na wewe uko na Faustin na kifua yake. Muguu yangu ya kuume nilikuwa nimeichoma na mbabula mu mwezi wa tisa, sikusikia kitu. Wivine njo alisikia harufu. Kidonda inakaa tu, haikauki. Nilikuwa nakata tamaa. Kila mara nilikuwa nasema: angalia, Direkta kule anasimama, na mimi nitasimama.

Tangu Noeli ndege haikuja. Ku frigo ya baridi ya masista chupa imebakia moja, na sisi bagonjwa tuko babili. Mwingine ni Kunda, mutoto mwanamuke wa katekista, hana hata miaka kumi na tano, mwembamba sawa kijiti cha mufagio. Mama yake anashinda pa mulango ya dispanseri. Yaya yako alikuwa anakula mu chupa moja na mutoto ile, na nilikuwa siwezi kuangalia mama yake mu macho. Kisha barua yako ikafika. Nikamwambia Sista: mumupe Kunda chupa yote. Sista akakataa, akasema muntu haiko paka. Nikamwambia: mi niko mwalimu wa diplome, nitashindwa na paka? Tukagombana pale mbele ya bagonjwa. Mwishoni alikubali, juu sikumupa tena mukono yangu ya kuchomwa sindano.

Sasa nakula samaki. Bukari nimeacha, munkoyo nimeacha, chayi nakunywa chungu. Unipigie Direkta mukono pa mugongo, umwambie: mwalimu anakufuata.

Yaya yako, mwenye furaha,
Floribert


Lubumbashi, siku ya Matawi, tarehe 15 Aprili 1984

Yaya Floribert,

Barua yako ya mwezi wa pili ilifika jana. Kamyo ya Kalenga ilikwama ku mutoni, daraja ilienda na maji, akalala kule na mufuko ya barua mpaka njia ikafunguka. Nimeipata jana, Yaya. Jana!

Sikusalimii. Sina nguvu ya kusalimia. Soma hii ukikaa, na Wivine akae karibu.

Direkta alikufa. Alikufa mbele ya Noeli, siku chache baada ya chupa ya mwisho. Barua ile nilikuandikia mu Januari ni uongo kutoka mwanzo mpaka mwisho wa habari yake. Hakusimama. Samaki haikumuponyesha. Hakuna samaki ya kuponyesha ugonjwa huu. Rudia sindano. Rudia leo hii, kama hii barua inafika asubuhi wende asubuhi, kama inafika magaribi wende magaribi. Umuombe Sista samahani, piga magoti, lakini rudia!

Ulinikataza kuandika kifo mu karatasi. Nilijiambia: nitangoja Pasaka, nitapanda kamyo ya Kalenga, nitafika, nitakaa kwako, nitasema na mdomo vile inafaa. Na nilikuwa najua uko mugonjwa. Nilijua tangu zile maulizo, mi ni infirmière, siko mujinga. Nikafikiri: uko unakataa kwenda kwa masista, unabakia na hii paka peke yake ya kukupa moyo. Nikisema alikufa, utalala chini. Nikisema anaishi, utasimama, utakwenda kwa masista. Sikujua ulikuwa umekwisha kwenda. Ningejua ungeipima maisha yako ku maisha yake, ningekata mukono yangu mbele ya kuandika ile barua. Mawe, Yaya! Mimi njo nilikutoa mu sindano. Mimi, na barua ya Mwaka Mupya.

Tangu jana natembea. Mafarmasi ya muji nimeingia zote, banasema mupite kesho, na kesho ile nasikiaka tangu mwaka jana. Faustin alikwenda Kipushi kuuliza bacommerçant, bachuuzi ba kuvuka mupaka, bamoja baliahidi, bamoja balicheka. Ku dispanseri yetu hakuna hata ya kuonyesha. Natafuta tu. Siachi kutafuta. Kalenga anangoja pa mulango, anasema mvula inakuja, sasa nafunga.

Unigombeze, unitukane, lakini rudia sindano.

Edith


Kilwa, tarehe 6 Mei 1984

Mudogo wangu Edith,

Ni mukono ya Wivine inaandika, maneno ni yangu. Macho ilianza kuniletea giza tangu Pasaka, naona mwangaza ya dirisha na bantu bakipita mbele yake, sura hapana. Wivine anakusalimia. Analia akiandika, usijali fasi wino imepotea.

Barua yako ilifika. Tulikaa vile ulisema. Wivine aliposoma nikamwambia atupe ile karatasi ku moto, akatupa, kisha akaichomoa na vidole. Nilikasirika siku ile yote. Nilikutukana, Edith, bibi yangu ni mushuhuda. Sikukutukana juu uliandika kifo. Nilikutukana juu hukuandika mbele. Ile sheria nilikupa mimi mwenyewe, na kiburi ya mwalimu, sasa nani nitamulalamikia?

Unasema nirudie sindano. Sindano gani, mudogo wangu? Ile chupa Kunda aliimaliza mbele kidogo ya Pasaka. Ndege ilikuja mara moja, ikaleta sukari ya mapadri, mafuta, na barua. Sista alilia mbele yangu, na yeye haiko mwanamuke wa kulia. Kunda bado anapumua. Jana nilipelekwa pale, tukakaa ku benchi moja na mama yake. Aliniambia aksanti. Anasema chupa ile ilimupatia mutoto wake Kwarezima muzima. Nilimujibu nini? Nilimujibu ndiyo, mama.

Kwa hiyo usijifunge kamba peke yako. Ungeniambia ukweli mu Januari, ningekula nusu ya chupa, Kunda nusu, na leo tungekuwa ku benchi ile ile babili. Maji ikimwangika haizoleki. Lakini nisikudanganye, sisi tumedanganyana ya kutosha: kama ungeniambia, nusu yangu nisingeitoa. Ningeilinda sawa imbwa. Ile najua sasa, na sipendi kuijua.

Muguu yangu ni nyeusi mpaka juu ya kifundo. Banasema ikatwe, na mwenye kukata iko huko kwenu, na njia ni ile. Kusafiri siwezi tena.

Lakini wewe unaweza. Kalenga anarudia huku na unga mbele ya Pentekosti, panda na yeye. Usingoje dawa. Usikuje na mutoto, usikuje na bilio ya matanga, ile utailia kisha. Hapa kila muntu ananiambia nitapona, Wivine, katekista, Sista mwenyewe. Wewe peke yako uliona hii kazi mpaka mwisho wake, mu nyumba yako, na macho yako. Kuja unielezee vile Direkta alikufa. Alianza kuacha nini kwanza, kula ao kutembea. Kama aliumia. Kama mwishoni alikujua wewe. Unielezee polepole, na usiruke kitu.

Yaya yako,
Floribert